Nyama Isiyo na Moshi

Shoka lilipanda, likashuka, na paja la mbuzi alilolisubiri Mwamvua tangu kulipopambazuka likagawanyika vipande viwili mbele ya macho yake.

"We! We kijana! Nani kakutuma ukate?"

Bucha la ushirika katika soko la Ujiji lilikuwa limefurika watu. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa ambayo nyama ikija inakuja na foleni yake, na foleni nayo inakuja na maneno yake. Wanawake waliokuwa nyuma walinyoosha shingo kuona nani anayepayuka. Walipoona ni Mwamvua, binti wa Bi Mapendo wa Kasingirima, wakatulia wapate kusikiliza vizuri, maana mdomo wa Mwamvua ulijulikana mpaka Buzebazeba.

Kijana mwenye shoka alikuwa mgeni pale bucha. Mrefu, nywele amezifuga duara na kitana amekichomeka ndani yake, koti la kazi limelowa damu, na chini ya koti suruali ya bugaluu iliyofagia sakafu. Jina lake Amuri, Mha wa milimani upande wa Kasulu, aliyeletwa na ushirika wiki ile ile.

"Dada, utaratibu ni mchanganyiko," alisema bila hata kuinua macho. "Kila mtu anapata nyama, mfupa na utumbo kidogo. Paja zima wanakula mabepari."

Watu wakaangua kicheko. Mwamvua alivuta kitenge chake cha Kongo, kile cha rangi ya machungwa chenye ndege, akakifunga upya kiunoni kama mtu anayejiandaa kupigana.

"Bepari ni wewe unayekata mali ya watu bila kuuliza. Mwenyekiti wa ushirika ameniruhusu paja moja kila Jumamosi kwa ajili ya biashara yangu. Muulize! Paja likishakatwa utamu wote unamwagika, mimi nabaki kuuza nyuzi. Sasa hili nilifanye nini?"

"Nikushonee?"

Kicheko cha pili kilimtoa Mwamvua mle ndani mikono mitupu. Alitembea njia nzima akisonya, na siku ile benchi lake la chakula halikufunguliwa.

Jumamosi iliyofuata alikwenda na maneno aliyoyapanga wiki nzima. Hakuyatumia. Kabla hajafungua kinywa, Amuri aliinama chini ya meza akatoa kifurushi cha majani ya mgomba, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili.

"Zima," alisema. "Nimelilinda hili paja kuliko ninavyojilinda mwenyewe. Nilimuuliza mwenyekiti. Nisamehe, bibie."

"Sijakusamehe."

"Basi niruhusu nije kula, unisamehe nikiwa nimeshiba."

Alikuja alasiri. Koti la damu alikuwa amelivua, amevaa shati la maua na viatu vya raizoni vyenye soli nene, ananukia sabuni. Mwamvua alimtilia wali, juu yake akamwekea pande la nyama lililong'olewa mfupani kwa kijiko tu, limelowa mawese, ndimu na tangawizi. Amuri alitia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna. Akamtazama Mwamvua, akaitazama sahani.

"Hii ndiyo ile nyama niliyokupa asubuhi?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Umeifanya nini?"

Swali hilo Ujiji nzima ilikuwa inaliuliza. Leonia, aliyeuza mchuzi benchi la jirani na kuunguza gunia la mkaa kila alipopika, alikuwa ameapa kwamba Mwamvua anatia dawa. Kuni zenyewe hanunui! Moshi kwake hauonekani! Sasa nyama inaiva na nini, na jua?

Ilikuwa inaiva ndani ya kapu. Bi Mapendo, mama yake, alijifunza kazi hiyo ng'ambo ya ziwa alipokuwa msichana wa jikoni kwa masista, akavuka nayo mpaka Kasingirima. Paja zima linatiwa kwenye chungu kizito na viungo vyake, linachemshwa kwa moto mkali mpaka chungu kitetemeke. Mfuniko unazibwa kwa unga wa muhogo uliokandwa, pasibaki hata tundu la sindano. Hapo hapo chungu kinatumbukizwa katika kapu kubwa lililosokomezwa majani makavu ya mgomba, juu kinakandamizwa mto wa sufi, halafu blanketi. Moto unazimwa. Kutwa nzima joto linajipikia humo ndani peke yake, polepole, na mpishi anakwenda zake kisimani. Asiyejua anaona kapu la nguo limekaa pembeni ya chumba.

"Kapu hili ndilo lililokulea," Bi Mapendo alikuwa akimwambia mwanawe tangu baba yake alipofariki. "Siku watu wakilijua, mimi na wewe tutauza maji."

Kwa hiyo Mwamvua alimjibu Amuri kwa mkato: "Kula. Ukitaka darasa nenda shule ya watu wazima."

Alikula. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka Leonia akaanza kumwita shemeji kwa dhihaka. Walianza kusindikizana mpaka ufukweni kutazama wavuvi wakianika dagaa, halafu wakawa wanakwenda hata siku ambazo dagaa hakuna. Waligombana sana. Waligombana juu ya kitana chake, juu ya Waha wake na Wamanyema wa Mwamvua nani mbishi zaidi, juu ya nani aliyemsalimia nani kwa kucheka mno. Amuri alikuwa na tabia ya kukatiza ugomvi na kusema, "Hasira zinakupendeza, mpenzi," jambo lililomwongezea Mwamvua hasira na kumtoa tabasamu kwa wakati mmoja.

"Niambie unavyoipika," alimbembeleza siku moja.

"Nioe kwanza."

"Nikikuoa utaniambia?"

"Nitakuambia na utabeba mwenyewe."

"Nibebe nini?"

"Oa, utajua."

Mwamvua alimpenda kweli. Asingekuwa anampenda asingeogopa kiasi kile siku ya posa.

Siku hiyo Mwamvua na mama yake waliamka kabla ya adhana ya alfajiri. Paja Amuri alilichagua mwenyewe, akalileta jana yake, kisha kama desturi ilivyotaka akabaki kwake Rusimbi, kwa kuwa mchumba haendi kujiposea. Chungu cha nyama kilichemka, kikazibwa, kikaingia kapuni. Wali nao ukaingia katika kapu la pili. Halafu wakafanya usafi wa kumshinda mkaguzi wa afya. Walifagia uwanja, wakaosha mafiga, wakazoa majivu yote wakayatupa mbali, wakapaka sakafu ya jikoni udongo mweupe. Bi Mapendo alitaka wageni wasiinuse hata harufu ya masizi.

Wageni waliwasili jua likiwa bado la asubuhi. Alitangulia baba mdogo wa Amuri, kanzu na koti, akafuatiwa na shangazi yake, mwanamke mwembamba aliyejifunga kaniki mbili na kushika mwavuli, kisha wazee wengine wawili.

"Hodi! Mwakeye!" walisalimia kwa Kiha.

"Karibuni, karibuni sana," alijibu baba mkubwa wa Mwamvua, msemaji wa upande wa mwanamke. Mikeka ilitandikwa. Maji ya kunywa yakaletwa. Habari za milimani, za mvua na za kijiji kipya walikohamishiwa zikaulizwa. Habari ya chakula hakuna aliyeigusa, kwa sababu nyumbani kwa Bi Mapendo kumtajia mgeni chakula kabla hajasema kilichomleta ni kumwambia amefuata kula. Mwamvua alikuwa nyuma ya pazia, akichungulia.

Shangazi aliomba maji ya kunawa miguu. Akaelekezwa upande wa jikoni. Alikwenda, akakaa kidogo, akarudi uso umembadilika. Alimwinamia baba mdogo sikioni, akasema neno kwa Kiha. Baba mdogo aliweka chini bilauri ya maji kabla hajaimaliza.

"Tumewaona," alisema akisimama. "Tunashukuru kwa maji. Tutarudi siku Mungu akipenda."

"Mbona mapema, shemeji? Hatujazungumza!"

"Tumekwisha kuzungumza."

Wakaondoka. Hivyo tu! Mwavuli wa shangazi ukaonekana ukipinda kona ya msikiti, na baba mkubwa akabaki amesimama uwanjani mdomo wazi.

Mwamvua alitoka nyuma ya pazia kwa hasira. Si kwa huzuni, huzuni ilikuja baadaye. Walikuja, wakatazama nyumba ya udongo, wakamtazama mama yake aliyevuka ziwa na kitenge kimoja, wakaona haitoshi. Hata kusema hawakusema! Alilifungua kapu saa ile ile, akavunja ule unga wa mfuniko kwa ngumi, na harufu ikajaa nyumba nzima mpaka majirani wakachungulia. Nyama ilikuwa imeanza tu kulegea. Waliila wao watatu, inawashinda meno, Bi Mapendo akifuta macho kwa pembe ya khanga.

Asubuhi yake alikwenda bucha na hasira mpya kabisa. Nyuma ya meza alisimama mzee mwingine.

"Amuri amepanda treni jana jioni, kaenda Tabora kwa kaka yake," alisema. "Kaacha ujumbe: mwambieni nimeelewa."

"Ameelewa nini?"

"Mimi nauza nyama tu, mwanangu."

Ameelewa! Neno hilo lilimkaa Mwamvua kooni kama mwiba wa samaki mgebuka. Aliuza chakula kwa kununa. Mteja aliyeuliza chumvi alijibiwa kana kwamba ameomba figo. Leonia alipojaribu kumuulizia "shemeji wa Tabora" alimwagiwa maji ya kuoshea vyombo, kwa bahati mbaya.

Mvua za vuli zilikuwa zimeanza alipoletewa habari kutoka posta ya Kigoma kwamba aende kesho yake asubuhi, kuna simu yake ya Tabora. Alijiapiza hatakwenda. Alivaa gauni lake jipya, akajipaka wanja, akaenda.

Posta ilikuwa imejaa kama kawaida yake. Kibanda cha simu kilikuwa pembeni, mlango wake umeng'oka bawaba, kwa hiyo kila mwenye mapenzi au msiba aliutangazia ukumbi mzima. Leonia naye alikuwepo, kwenye foleni ya stempu, kikapu mkononi.

"Tabora kwenye laini!" Feliksi, karani wa simu, aliita kutoka nyuma ya mitambo. "Mwamvua binti Ramadhani, ingia!"

"Halo!"

"Halo. Ni wewe?" Sauti ilikuja na upepo na vishindo, lakini ilikuwa yake.

"Umeniita mwenyewe halafu unaniuliza kama ni mimi? Sema ulilonalo, nina nyama nyumbani."

"Sauti haijabadilika."

"Ungekuwa karibu ungejua na mkono haujabadilika. Sema!"

Amuri alivuta pumzi. "Leo jioni kaka na wazee wa hapa wanakwenda kunichumbia binti wa watu. Nimewakubalia. Lakini nimeshindwa kukaa bila kusikia kwa mdomo wako. Kwa nini ulinikataa, Mwamvua?"

"Nikukatae mimi?" Sauti ilimpanda mpaka watu wa vifurushi wakageuka. "Watu wako waliinuka wakaondoka kama waliokanyaga mavi! Wametudharau mchana kweupe na mama yangu kalia!"

"Wangekaa kungoja nini? Shangazi aliingia jikoni, kakuta mafiga yameoshwa, jivu limezolewa, moto hakuna. Kwetu mgeni wa posa hatazami midomo ya watu, anatazama jiko. Moto ukiwaka amekubaliwa. Jiko likifagiliwa likaachwa baridi amepewa jibu lake, na mtu mwenye heshima haongezi neno. Mlitufukuza kistaarabu, tukaondoka kistaarabu."

Mwamvua alishika ukuta wa kibanda. Mafiga! Yeye na mama yake walijichubua vidole kwa kuyasugua, ili wageni waone nyumba safi.

"Amuri, chakula kilikuwepo."

"Wapi? Shangazi hana macho?"

"Kilikuwepo ndani. Kinaiva."

"Kinaiva na nini, bila moto? Unaniona mtoto?"

Aligeuza macho. Leonia alikuwa ameacha foleni ya stempu. Amesogea hatua kwa hatua mpaka karibu na mlango uliong'oka, kichwa amekiinamisha upande kama kuku aliyesikia mchele ukimwagwa. Mwamvua alijua kabisa kilichokuwa kwenye mizani. Upande huu mkate wake na wa mama yake, uliofichwa miaka yote. Upande ule mwanamume ambaye jioni ile atachumbiwa mwingine. Kumwambia "njoo nitakuonyesha" kusingesaidia, jioni haingengoja treni.

"Kwenye kapu," alisema kwa sauti ya chini.

"Sikusikii."

"Kwenye kapu, nasema."

"Sikusikii!"

"Kwenye kapu, mpumbavu wewe!" Hapo hasira ilimzidi, akaacha kuchagua maneno. "Chungu kinachemshwa alfajiri mpaka kitetemeke! Kinazibwa na unga wa muhogo! Kinaingizwa kapuni!"

"Sikusikii..."

"Kapuni! Lenye majani makavu ya mgomba! Juu mto wa sufi, juu yake blanketi, moto unazimwa! Joto linapika lenyewe kutwa nzima! Shangazi yako alipokuwa ananawa miguu, paja lako lilikuwa ukutani nyuma yake, analidhania nguo chafu!"

Posta nzima ilikuwa imegeuka kusikiliza. Hata mgonga mihuri alikuwa amesimamisha mkono.

"Dakika zimekwisha," Feliksi aliingilia kwenye laini. "Muongezewe?"

"Ongeza!"

"Naongeza. Samahani, dada, hayo majani ni lazima yawe ya mgomba?"

"Toka kwenye simu yangu!"

Lakini laini ilikwaruza, ikalia mluzi, ikafa. Feliksi aliunganisha na kuunganisha, akatikisa kichwa. Tabora imepotea. Mwamvua alitoka kibandani bila kujua kama ameaminiwa, au hata kama amesikika. Mlangoni Leonia alimpokea kwa uso wa upole ambao hakuwahi kumwonyesha.

"Blanketi moja," aliuliza, "au mawili?"

Mama yake alikuwa na habari kabla Mwamvua hajafika nyumbani. Bi Mapendo hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoumiza. Alikaa mbele ya kapu lake, mkono juu ya mfuniko.

"Umemuuzia kapu langu mwanamume ambaye hata hayupo," alisema, akaingia kulala jua likiwa juu.

Wiki haikuisha kabla wasukaji wa makapu Ujiji hawajaishiwa. Majani ya mgomba makavu, ambayo watu walikuwa wanayachoma, yakaanza kugombewa. Wake za watumishi wa reli walipika kwa kapu, fundi cherehani alipika kwa kapu, na Leonia alitundika kibao: NYAMA LAINI YA KAPU. Wateja walianza kwa Mwamvua wakamalizia kwa Leonia, halafu wakaanza moja kwa moja kwa Leonia, aliyekuwa na viti vyenye migongo. Mwamvua alikaa nyuma ya sufuria zake akipepea inzi, amemkasirikia Leonia, amewakasirikia watu wa posta, na zaidi ya wote amejikasirikia mwenyewe. Kutoka Tabora halikuja neno.

Ilikuwa mchana wa jua kali raizoni zilipoacha kutembea mbele ya benchi lake. Hakuinua kichwa.

"Kama unataka nyama ya kapu nenda pale kwa Leonia. Anaweka mablanketi mawili."

"Nimekuja kwako."

Amuri alikuwa amekonda. Kitana kichwani hakipo, shati limejaa vumbi la behewa. Mwamvua alimtazama, akaogopa kuuliza, akauliza.

"Yule binti?"

"Nilimzuia kaka siku ile ile. Akaninunia, akaninyima nauli. Nimepasua kuni kwa watu mpaka nikapata ya kurudia."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Nilisikia."

"Ulisikia kipi?"

"Chote. Tangu ulipotaja kapu mara ya kwanza."

Mwamvua alisimama polepole. Upawa ulikuwa mkononi mwake.

"Mara ya kwanza? Ile niliyosema polepole? Ulisikia, halafu ukanipigisha kelele nikamwaga siri ya mama yangu mbele ya posta nzima?"

Amuri aliangalia chini. "Nilikuwa nalia, Mwamvua. Nilipojua hukunikataa machozi yalinitoka, na kaka yangu amesimama pale pale ananiangalia. Ningesema neno lolote refu wangenijua. 'Sikusikii' ndilo pekee lililoweza kutoka."

"Ulilia," alirudia Mwamvua. "Ukaona aibu kulia. Na aibu yako nimeilipia mimi!"

Alimpa maneno. Soko lilisimama kusikiliza. Alimwita mwoga, akamwita mharibifu, akamtajia kibao cha Leonia, makapu ya wake za reli na mama yake anayelala mchana, akamgonga bega kwa upawa mpaka mchuzi ukaruka kwenye shati. Amuri alisimama akapokea vyote. Safari hii hakusema kwamba hasira zinampendeza. Machozi yalimteremka waziwazi, mbele ya wauza ndizi na wauza mawese, na hakuyafuta.

Mwamvua alipoona hivyo akaushusha upawa, na kuushusha huko nako kukamkasirisha.

"Shangazi yako yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Anaona haya. Nilimwandikia barua, akajibu kwamba hajui atapita vipi mlango wenu."

"Atapita kwa miguu kama alivyotoka. Mwambie aje, na aje na njaa. Lakini wewe unakwenda kwa mama sasa hivi, peke yako, unapiga magoti unamwambia mwenyewe ulichofanya. Akikufukuza, unarudi kesho. Akikufukuza kesho, unarudi kesho kutwa."

"Nitakwenda. Na wewe? Umenisamehe?"

"Nani kasema? Sijakusamehe, na sijui lini." Alimpokonya begi lake la safari akalitupa chini ya benchi, upande wake. "Nitaolewa na hasira zangu hizi hizi, Amuri, na utakaa nazo."

"Nitakaa nazo," alisema Amuri, akaanza kutembea kuelekea kwa Bi Mapendo.